Kisu chepesi, kisu kizito na machungwa ya Jumapili

Jumapili, Novemba. Baridi kavu, jua la kutazamwa tu, na mimi nimerudi nyumbani nanuka maganda ya machungwa mpaka kwenye kofia.

Nina furaha. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu wanaosoma blogu hii wamenizoea kwa malalamiko: basi lililonipita, samaki wasio na ladha, jirani na majani yake yanayoangukia upande wangu. Leo sina la kulalamikia. Nilitoka asubuhi na visu viwili mfukoni, nimerudi na kimoja, na moyo wangu mweupe.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: naishi Saltley, huku kwa Waingereza, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kung'arisha mabomba ya shaba ya bafuni, na Jumapili mchana namenya machungwa.

Tuna timu ya mpira. Watanzania, Wakenya, Wakongo wachache, wote wana kazi ngumu katikati ya wiki na magoti mabovu mwisho wa wiki. Tunacheza uwanja wa Selly Oak baada ya wenzetu kutoka kanisani. Mimi siwezi kukimbia hata kuwahi basi. Kazi yangu ni machungwa ya mapumziko. Nakaa kwenye benchi langu pembeni ya uwanja, namenya moja moja kama tunavyomenya kwetu Muheza: ganda la nje linatoka utepe mmoja mrefu, ile ngozi nyeupe inabaki imelivaa chungwa, halafu nakata kofia juu. Mchezaji anaminya, anafyonza, anatupa, anarudi uwanjani na mikono mikavu. Wale tunaocheza nao huleta machungwa yaliyopasuliwa vipande vinne, na nusu ya maji yake inanywewa na jezi.

Hicho ndicho cheo changu katika mji huu. Usicheke. Kuna watu wanaitwa meneja na hawajui wanasimamia nini.

Sasa kisu. Mwanzoni nilikuwa nabeba kile cha jikoni, nimekiviringisha kwenye kipande cha kanga cha mke wangu, nimekitia kwenye mfuko wa machungwa. Binti yetu Salma, anayesoma chuo kikuu huko huko Selly Oak, alipokiona alikaribia kulia. "Baba, no! Ukikutwa nacho kwenye basi ni prison, straight." Akanikalisha chini akanieleza sheria ya hapa kwa watu wasio na sababu maalumu: kisu cha mfukoni kiwe cha kukunja, makali yake mafupi yasiyozidi inchi tatu, na kisiwe kile kinachojifunga kwa komeo kikishafunguka. Basi nikanunua cha kukunja, kidogo, cha mpini wa mbao, nikamenyea kwa miaka.

Tatizo la kisu kisicho na komeo ni kwamba kilichokishikilia ni springi tu. Springi ikichoka, kisu kinakunjika wakati kinapotaka chenyewe.

Mwezi uliopita kilitaka. Kilinikunjia kidole cha shahada katikati ya mapumziko, mbele ya watu, damu ikaingia kwenye chungwa. Mama Brian, dada wa Kikenya anayelea wazee kwenye nyumba ya wazee na ambaye mwanawe hucheza namba saba, alinifunga kidole kwa kitambaa kabla sijamaliza kusema ah. Wote wakasema kisu kimechakaa, Mjomba, nunua kipya. Nami nikakubali upesi sana. Kilikuwa kimechakaa kweli.

Ila si kisu tu.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka.

Nimeliandika. Ulianza tangu mwezi wa Ramadhani, kwenye kikombe cha uji wakati wa futari. Nikadhani ni njaa. Ramadhani ikaisha, njaa ikaisha, mkono ukaendelea. Nikaanza kujaza chai nusu kikombe. Nikaanza kutia sahihi kwa kusimama, sijui kwa nini nilidhani kusimama kutasaidia. Mke wangu Rukia aliliona siku ya kwanza, akangoja nilitaje mwenyewe, nami sikulitaja.

Nilichoogopa ni vitu viwili. Cha kwanza ni daktari na jina la maradhi atakalonipa. Cha pili ni cha kitoto, na ndicho kilichoninyima raha zaidi: niliogopa kunyang'anywa benchi. Mtu anayetetemeka haachiwi kisu. Watu wetu ni wema, na wema wao ungenimaliza. Wangesema, "Pumzika tu, Mjomba, kaa uangalie mpira." Mimi mpira siujui vizuri hivyo. Bila machungwa pale mimi ni mzee tu aliyekaa kwenye baridi.

Kwa hiyo kidole kilipopona nilisema bado. Jumapili mbili Mama Brian alileta vipande vinne vinne kwenye bakuli la plastiki, nami nikakaa nyumbani na kidole kizima, nikimjibu Rukia kwa mkato.

Halafu nikaamua suluhisho ni kisu chepesi.

Sababu yangu ilikuwa hii: mkono dhaifu upewe mzigo mdogo. Nani angebisha? Pale Alum Rock Road kuna duka la vifaa ambalo mwenyewe huweka visu kwenye kabati la kioo nyuma ya kaunta. Akanitolea viwili vya kukunja, vyote halali, vyote na makali mafupi ya chuma kilekile. Kilichotofautiana ni mwili. Kimoja mpini wake ni nailoni ngumu, nyeusi, yenye vipele vidogo kama kisogo cha mtu aliyenyolewa juzi. Kingine ni fremu ya chuma kitupu, pande mbili zimebanwa kwa misumari, kinang'aa, kimekaa kiganjani kama kitu kilichokusudiwa.

Mimi ni mtu wa chuma. Siku nzima mikono yangu iko kwenye chuma na shaba. Plastiki kwangu ni ndoo na viti vya harusi. Lakini nilimeza kiburi nikachukua cha nailoni, nikakipima kwenye mizani ya Rukia ya unga. Kilikuwa na uzito wa yai moja.

Lazima niwe mkweli, kina sifa zake. Ukikitia mfukoni unasahau kama unacho. Hakina baridi, unakishika asubuhi ya Novemba na kidole hakishtuki. Na maji ya chungwa yakimwagika juu ya mpini, vile vipele vinaushika mkono, hakitelezi. Angekuwa ananunua mtu mwenye mkono mzima ningemwambia achukue hicho na asigeuke nyuma.

Nikakaa jikoni na kikapu cha machungwa. La kwanza, ganda lilikatika baada ya mzunguko mmoja. La pili nililichoma mpaka ndani, maji yakaruka kwenye miwani. La tatu lilitoka na mabaka, pengine limebaki ganda, pengine nimefika kwenye nyama. Kisu chepesi kinafuata kila kitu ambacho mkono unasema, na mkono wangu unasema upuuzi. Kila mtikisiko mdogo ulifika kwenye ncha ukiwa mkubwa zaidi.

Nilikula yale machungwa yote mwenyewe ili pasibaki ushahidi. Tumbo lilinisema hadi kesho yake.

Jumatatu kazini ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimeshika bomba la shaba, lile kubwa la kwenye beseni la kuogea, nalielekeza kwenye gurudumu la kung'arishia. Bomba limetulia. Mkono umetulia. Ikapigwa kengele ya chai, nikachukua kikombe cha karatasi, na kikombe kikaanza kucheza chakacha. Nikakiweka. Nikarudi nikalishika bomba. Kimya. Nikashika kikombe tena. Chakacha. Mwenzangu wa mashine ya jirani, bwana mmoja wa Kipunjabi asiyependa maneno, alinitazama nikishika na kuachia, kushika na kuachia, akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Nilipomsimulia Rukia jioni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilitaja mkono kwa mdomo wangu, hakushangaa wala hakunilaumu. Alisema tu, "Sufuria ya ubwabwa unaipakua bila shida. Kijiko cha sukari ndicho kinakushinda. Nimeona siku nyingi, mume wangu." Halafu akanimiminia chai kikombe kizima, kile kizito cha udongo anachokiweka kwa wageni. Nikanywa bila kumwaga. Nusura nilie kwenye chai.

Kumbe mkono wangu haukutaka kupunguziwa mzigo. Ulitaka kitu cha kuuzuia.

Nikarudi dukani. Mwenye duka akakitoa cha chuma kabla sijasema, ila nadhani alinitambua kwa kofia tu. Kwenye mizani ya unga kilikuwa zaidi ya mayai mawili. Nikamenya. Utepe ulishuka, ukashuka, ukaning'inia mpaka kwenye magoti, mzima. Mkono bado ulikuwa unatikisika ukiutazama karibu, lakini kile chuma kilikuwa kinaumeza mtikisiko kabla haujafika kwenye makali.

Sasa na chenyewe niseme ubaya wake. Ni baridi kama mguu wa mtu aliyekuja kulala amechelewa. Kinavuta suruali upande mmoja. Na kikilowa maji ya chungwa kinakuwa samaki. Mara mbili kiliniponyoka kikaangukia sakafuni, na Rukia akaanza kuvaa viatu jikoni.

Basi nikafanya ambalo kila mtu wa kwetu angelifanya. Nilichukua tyubu kuukuu ya baiskeli ya Salma, nikaikata ukanda mrefu, nikauvuta na kuuzungushia mpini, mzunguko juu ya mzunguko, kama tunavyofunga mpini wa panga au wa jembe, nikachomeka ncha na kukaza kwa meno. Ukapendeza! Mpini mweusi, mnene, haupenyezi maji, hautelezi. Nilikaa nikiutazama nikijisifu kwamba kuna mambo Wazungu bado hawajafika.

Kisha nikataka kukikunja.

Kisu cha kukunja kinalala ndani ya mpini wake. Nami mpini nilikuwa nimeufunga pande zote, juu na chini, mlango umezibwa na mpira. Makali hayana pa kuingia. Nilikuwa nimetengeneza, kwa mikono yangu na kwa fahari kubwa, kisu kisichokunjika, kile kile ambacho Salma aliniambia kitanipeleka jela.

Rukia alicheka akakaa chini. Alicheka mpaka akampigia Salma simu ili acheke naye, na Salma akacheka kwa Kiingereza. Nilinuna kama nusu saa. Kisha nikafungua mpira wote, nikakata vipande viwili vya umbo la ulimi, kimoja kila ubavu, nikavikwaruza na kuvigandisha kwa gundi ya pancha kama unavyotia kiraka kwenye gurudumu. Pande mbili mpira, mgongo wazi, tumbo wazi. Kinakunjika. Hakitelezi. Na baridi ya chuma haifiki kiganjani.

Nilipomwonyesha, Rukia alikishika, akakipima mkononi, akakirudisha. "Kisu nimekikubali," akasema. "Daktari utampigia lini?"

Nikasema baada ya Jumapili.

Ndiyo leo sasa.

Nilipanda basi hadi mjini, nikachukua treni ya Selly Oak na mfuko wa machungwa magotini. Kisu kizito mfuko wa kulia. Kile chepesi nilikitia mfuko wa kushoto, kama akiba, nikajiambia, ingawa sikujua akiba ya nini. Nilikuwa na woga wa mtu anayekwenda kuposa.

Mama Brian alikuwa tayari yuko na bakuli lake. Aliponiona akaacha kila kitu. "Baba Salma! Umerudi? Hawa watoto wamenisumbua sana, ati machungwa zangu ni za hospitali!" Akasogeza bakuli pembeni, akanipangusia benchi kwa mkono wa koti lake. Sijui kama anajua alichonifanyia kwa kunipangusia lile benchi.

Filimbi ya mapumziko ikalia, nikaanza. La kwanza likatoka utepe mzima. La pili pia. Kipa wetu, kijana wa Lubumbashi mwenye mikono kama sinia, akachukua la kwanza, akafyonza, akafumba macho. "Papa, leo iko muzuri. Iko bien." Nikajiona bingwa. Nikaanza hata kupiga soga huku nakata, kama zamani.

Nilichosahau ni kwamba jikoni nilikuwa namenya machache, napumzika, nasifiwa. Hapa watu wamepanga mstari. Kisu kizito kinatuliza mkono, lakini kinauchosha pia. Kufika chungwa la saba au la nane kifundo kilianza kuwaka moto, na uchovu ulipoingia, mtetemeko ukarudi na jamaa zake wote. Utepe ukakatika. Nikaanza tena, ukakatika tena. Nikasimamisha kiwiko kwenye goti, haikusaidia. Waliopanga mstari wakageuka kutazama goli tupu, kwa adabu.

Mama Brian alikaa karibu yangu. Hakushika mkono wangu, na namshukuru kwa hilo. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba Salma, hii mkono imeanza lini?"

Nilikuwa na jibu tayari. Baridi. Kidole bado. Kisu kipya, sijakizoea. Nilikuwa nimeyapanga yote kwenye treni.

Nikasema, "Tangu Ramadhani."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na ukanunua kisu nzito. Ni sawa. Kazini tunawapea wazee vijiko nzito, wale wanatetemeka. Si ungeniuliza tu?"

Si ningemwuliza tu. Wiki mbili za mizani, tyubu, gundi na maumivu ya tumbo, na jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi langu likikata vipande vinne. Nilicheka mpaka wale waliopanga mstari wakacheka bila kujua wanacheka nini. Basi nikawaambia na wao, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyotaja matokeo ya mechi: mkono wangu unatetemeka, jamani, mtavumilia. Kipa akasema sawa Papa. Aliyekuwa nyuma yake akauliza kama lake linakuja au vipi.

Ndivyo lilivyoisha lile jambo lililoninyima usingizi. Walitaka machungwa.

Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto, nikatoa kile cha nailoni, nikampa Mama Brian. Mkono wake ni imara, hauhitaji kuzuiliwa na kitu. Nikamwonyesha: dole gumba likae juu ya chungwa, kisu kitulie, kinachozunguka ni chungwa. Yeye akazungusha kisu. Nikamwambia tena. La kwanza lake lilifanana na kichwa kilichonyolewa wakati umeme umekatika. Akalipa jina la mume wake tukacheka. La pili likawa afadhali. La tatu utepe ulimfika kwenye kiatu kabla haujakatika, na akaniambia hicho kisu ni kama hakipo mkononi, kinaenda chenyewe.

Kweli, mkononi mwake kinaenda chenyewe. Kisu kilikuwa hakina kosa.

Tukamenya wawili. Mimi moja, yeye mawili, napumzisha kifundo, namenya tena. Brian mwenyewe alikuja akiwa amelowa jasho, mama yake akamnyooshea chungwa alilomenya kwa mikono yake, na yule mtoto asiye na haya akasema mbele ya wote, "Mum, no offence, nangoja ya Mjomba."

Niliinama kama natafuta kitu kwenye mfuko. Sikuwa natafuta kitu.

Cha nailoni nimemwachia. Alikataa kidogo, kwa heshima, halafu akakitia kwenye mkoba pamoja na funguo za kazini, nikamkumbusha kazini asiingie nacho, wale wazee wasije wakashtuka. Amesema kesho anakiacha nyumbani, Jumapili anakuja nacho. Na lile bakuli la plastiki alilitoa vipande, likawa la kuwekea maganda.

Kwa hiyo shukrani, na niziandike kabla sijarudi kuwa mlalamikaji. Namshukuru Mungu kwa shaba, iliyonionyesha nilichokuwa sikioni kwenye kikombe. Namshukuru Rukia, aliyengoja tangu Ramadhani bila kunisukuma na akacheka pale palipostahili. Namshukuru Salma kwa kunikinga na jela mara mbili, ya pili bila kuwepo. Namshukuru Mama Brian kwa swali moja alilouliza polepole. Na nawashukuru wale waliosimama kwenye mstari wakangoja chungwa la mtu anayetetemeka, wakati vipande vilikuwepo kwenye bakuli.

Sasa nimekaa sebuleni. Kisu cha chuma kimekunjwa juu ya meza, nimekiosha, mpira wake bado unanuka baiskeli. Rukia yuko jikoni. Hajauliza kitu tangu nimerudi, lakini simu yangu nimeikuta imechajiwa na kuwekwa pembeni ya kiti changu, na yeye hajawahi kunichajia simu.

Kesho asubuhi zahanati ikifungua nitampigia daktari. Nitaishika simu kwa mkono wa kulia. Utetemeke ukitaka.